Kaka Yangu Amekunywa Koso

Kaka yangu Ketsela alikuwa mtu wa maneno, na maneno ndiyo yaliyomlisha. Kila siku ya kazi alikaa nje ya mahakama ya Ankober na meza yake ndogo na chupa ya wino, akiwaandikia watu barua za malalamiko. Mtu alikuja na habari ya ng'ombe mmoja aliyeibwa, akaondoka na karatasi mbili za kumliza hakimu. Wengine aliwatafutia haki. Nafsi yake aliitafutia visingizio, na katika visingizio vyote alivyowahi kubuni, hakuna alichokipenda kama koso.

Kwetu huku juu kila mtu anakula nyama mbichi, kwa hiyo kila mtu ana tegu, na hakuna anayeona haya kumtaja. Ikitimia miezi miwili unakunywa koso, dawa yake ya maua ya mti wa mkoso yaliyotwangwa na kulowekwa, unafunga mlango, na siku hiyo dunia inakuacha. Padri hapiti. Jirani habishi hodi. Hata askari wa mahakama akiambiwa bwana amekunywa koso, hukunja hati yake akarudi alikotoka, maana naye anaijua siku hiyo ilivyo nyumbani kwake.

Kaka yangu aliitumia heshima hiyo vibaya mno. Wakitafutwa watu wa kuezeka paa la kanisa, Ketsela amekunywa koso. Binamu yetu msemaji akija kutoka Debre Birhan, Ketsela amekunywa koso. Mwaka huo ninaousimulia, 1960 kwa hesabu yetu, alikuwa amekunywa mara kumi na nne kabla hata Krismasi haijafika, na kati ya hizo mimi nilimlowekea mara mbili tu.

Ninajua kwa sababu mtengeneza koso wa Ankober ni mimi, Askale, dada yake mdogo. Nilihamia kwake mkewe Zenebech alipofariki, ili nimsaidie kumlea binti yao wa pekee, Tiruwork, aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati huo; mwaka huu wa 1960 alikuwa na ishirini na mmoja. Mume wangu nilimwacha Debre Birhan na sijawahi kumkumbuka. Kila mwezi wa Tahsas, Krismasi ikikaribia, niliingia msituni kuchuma maua ya mikoso, nikayaanika kivulini, nikawauzia watu wa mji. Nachuma mti jike tu, ule wenye maua mekundu yanayoning'inia. Maua ya mti dume yanakutapisha mpaka machozi na tegu hata hashtuki. Makelele mengi, kazi hakuna. Wanaume wa aina hiyo tunao pia.

Sasa ajabu ni kwamba koso yangu, inayosifiwa mpaka Debre Sina, kaka yangu hakuinywa. Alikuwa na yake, ndani ya kopo la bati juu ya kabati, imekaa humo miaka na miaka mpaka imegeuka rangi ya ugoro. Siku zake za kweli alichota kijiko kimoja tu humo, nikamlowekea, akanywa akikunja uso, akajifunika, akalala usingizi wa mtoto mchanga. Mchana aliamka na kuitisha chakula. Mtu aliyekunywa koso halali hivyo, na wala haamki hivyo.

"Hiyo imekufa, kaka," nilimwambia. "Unakunywa vumbi."

"Dawa ikikaa inakomaa," alinijibu. "Wewe mambo ya kukomaa utayajulia wapi?"

Wakati huo huo alikula chakula cha watu wawili na akazidi kukonda. Injera tatu, ile mikate yetu mipana, na kitoweo chote, halafu ananitazama kana kwamba nimeficha ya nne. Watu wakaanza kusema kwamba mimi na Tiruwork tunamnyima. Nilisikia kwa masikio yangu kisimani, na ilinichoma sana.

Shibeshi alikuja kwetu mwaka huo huo wa 1960. Ni kijana wa maabara ya zahanati, aliyesomea Addis Ababa, mwenye hadubini yake kwenye sanduku la mbao na shati ambalo wala halikupigwa pasi. Alikuja kununua maua ya koso ayapime.

"Mama, unajuaje kama hili ni ua la jike?" aliniuliza.

"Wewe ulijuaje kama mama yako ni mwanamke?"

Aliona haya mpaka masikioni, lakini hakuondoka. Aliketi barazani akanieleza kwamba ndani ya lile ua mna kitu kinachoitwa kosotoksini, na hicho ndicho kinachofanya kazi. Kinamlegeza tegu misuli, anaachia pale alipong'ang'ania utumbo, kisha tumbo lenyewe linamsukuma nje.

"Kwa hiyo hafi?"

"Si lazima afe, mama. Anafukuzwa."

"Wacha wee! Na mimi miaka yote nawapa watu pole ya msiba."

Alinionya kwamba ikizidi inaharibu macho, ndiyo maana yeye hupima kwa mizani. Nikamwambia mimi hupima kwa konzi: mbili kwa mwanamume, moja na nusu kwa mwanamke. Nilimwona anavyotabasamu, tabasamu la watu waliosoma. Akaweka mizani yake mezani, akaniomba nichote konzi mara kumi. Nikachota. Akaandika, akafuta miwani, akaandika tena.

"Konzi yako haipishani hata gramu mbili," alisema polepole. "Mizani ya zahanati inapishana zaidi."

Tangu dakika hiyo nilimpenda kijana yule kama mwanangu. Tiruwork naye alikuwa ameshampenda, ila yeye si kwa sababu ya mizani. Nilianza kuona kwamba maua anayoyataka kupima hayaishi. Leo ameyasahau, kesho hayatoshi, keshokutwa amekuja kuuliza kama yale ya jana yalikuwa ya jana. Kila akija, Tiruwork ndiye anayemletea kahawa, na kahawa ya kikombe kimoja inachukua saa nzima.

Siku moja kaka alimkuta hapo, na mimi nikaona nafasi. "Shibeshi, mwambie kaka yangu. Koso ikikaa inakuwaje?"

"Inapotea nguvu, baba," kijana akasema kwa adabu. "Mwaka mmoja imepungua sana. Nimepima ya miaka mitatu, karibu hamna kitu."

Ketsela alijinyoosha kama yuko mbele ya hakimu. "Kijana, asali ikikaa inakuwa dawa. Siagi ikikaa inakuwa dawa. Kwa nini koso iwe na haraka?"

"Asali ni asali, baba. Hii ni kemikali."

"Na mimi ni mtu mzima," akasema kaka, akachukua kahawa ya mgeni akainywa yeye.

Jumapili iliyofuata Timket, sikukuu yetu ya Ubatizo, misa ilipotoka, nilikuwa nafagia uani nikaona wazee watatu wanapanda njia yetu wamejifunga gabi, zile shuka nzito nyeupe za pamba, wanakwenda taratibu, wameshika fimbo. Mbele alikuwa Alaka Wolde-Yes, mkuu wa kanisa letu. Nyuma yake mzee wa ukoo wa Shibeshi, na wa mwisho mzee mmoja kiziwi anayechukuliwa kila mara kwa sababu ana ndevu nzuri. Wazee watatu wenye gabi safi asubuhi ya Jumapili hawaji kuuliza bei ya shayiri. Wamekuja kuposa.

Nikakimbilia ndani kumwambia kaka. Nikamkuta ameshawaona dirishani, ameshavua viatu, ameshaingia kitandani na kujifunika mpaka puani.

"Waambie nimekunywa koso."

"Ketsela! Umetoka kula sasa hivi!"

"Nimekunywa koso, Askale. Naumwa sana. Niletee ile injera iliyobaki."

Nifanye nini? Nilitoka nikawaambia. Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma, wakageuka. Tiruwork alikuwa jikoni amesimama na birika mkononi, na aliiona migongo ya wazee. Alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Baada ya wiki mbili walirudi. Kaka akawa tena amekunywa koso. Safari hii Alaka hakuondoka mara moja. Alisimama uani, akapaza sauti ili yule wa ndani asikie.

"Koso mbili kwa wiki mbili! Huyo si tegu, ni ukoo mzima. Mwambie Ketsela tutakuja mara ya tatu, Jumapili ya pili kutoka leo. Mara ya nne haipo."

"Amesemaje?" akauliza yule kiziwi.

"Anaumwa!"

"Mbona ndani kunanuka kitunguu?"

Haikuwa mzaha kwa Tiruwork. Kwetu wazee wakirudishwa mara tatu, posa imekufa, na ukoo wa kijana hauwezi kuja tena bila kujidhalilisha. Na Shibeshi alikuwa ameshapata barua ya uhamisho: baada ya Fasika, Pasaka yetu, aende Gore, huko magharibi kwenye misitu ya kahawa, safari ya siku nne kwa basi ikiwa mvua imekuhurumia. Akienda peke yake, hatarudi. Usiku huo nilimsikia binti analia kimyakimya, na kilio cha namna hiyo ndicho kibaya zaidi.

Asubuhi nilimkabili kaka. "Una nini na yule kijana? Mlevi? Mwizi?"

"Sina neno naye."

"Basi?"

"Gore ni mbali," akasema, akachukua chupa yake ya wino akaenda kazini.

Jumamosi ya kuamkia ile siku ya tatu, aliniita chumbani. Alikuwa amevaa uso wake wa barua ndefu.

"Kesho nitakunywa kweli," alisema. "Mbele yao, mlangoni, kikombe mkononi. Pasiwe na mtu wa kusema Ketsela ni mwongo. Watainama, wataondoka, na itakuwa imekwisha kwa heshima."

"Nikuchotee ya kopo?"

"Usiiguse ile!" Alisema kwa ukali nikashtuka. "Ile ni kali. Imekomaa. Nipe hiyo changa yako, ya juzi. Kikombe kizima, waone. Hiyo hata haitaniamsha."

Nilimtazama. Nilikuwa nimemweleza ukweli wa jambo hilo mara mia moja, na Shibeshi alimweleza kwa kemikali. Mara ya mia na moja nilinyamaza. Lakini sikumdhulumu, Mungu ni shahidi wangu. Nilichota konzi mbili halali, za mwanamume, nikaloweka, nikamnyima chakula cha jioni inavyotakiwa. Usiku kucha alinilaumu kwa njaa.

Misa ikatoka. Wazee wakaja, upepo wa mlimani ukiwapeperusha gabi. Kwa desturi hawaketi wala hawagusi chakula mpaka mwenye nyumba awaambie kaeni, na akiwaambia kaeni, binti ametolewa. Kaka yangu akasimama mlangoni, akainua kikombe.

"Wazee wangu, mmenikuta tena katika dawa," alianza, na sauti yake ilikuwa tamu. "Ni aibu yangu, ni ugonjwa wangu." Akanywa chote kwa mkupuo mmoja. Nilimwona macho yanamtoka, maana koso ya mwaka huo ilikuwa na uchungu wa kweli kweli. "Nawaomba mnisamehe. Nakwenda kujilaza."

"Nenda, mwanangu," Alaka akasema. "Sisi tutakusubiri hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa uani. Tumesimama. Koso ina mwisho wake."

Kaka akanitazama, nami nikatazama mlima. Akaingia ndani. Niseme hapa kwamba choo chetu kiko ng'ambo ya ua, na wazee walikuwa wamesimama katikati ya njia.

Saa nzima ilipita. Kisha mlango ukafunguka. Ketsela akatoka amejifunga gabi vizuri, akapita kwa mwendo wa hakimu. Alaka akavua kofia. "Ketsela mwana wa Beyene, tumekuja tumeinama, tukiomba…"

"Naja, Alaka, naja."

Mara ya pili alipita kwa mwendo wa karani aliyechelewa. "Ketsela mwana wa Beyene, tumekuja…"

"Naja!"

Mara ya tatu alikimbia bila gabi.

"Anakwenda wapi?" akauliza kiziwi.

"Anakuja!" akasema Alaka.

Baada ya hapo hakurudi tena ndani. Tukasikia kuguna, kisha dua, kisha majina ya watakatifu bila mpangilio, halafu ukelele uliotoa kunguru wote kwenye mreteni wa jirani. "Askale! Nakufa! Utumbo wangu unatoka! Ni mrefu! Hauishi!"

Nilijua si utumbo. Lakini nilijua pia kwamba mtu akishikwa na hofu huvuta, na akivuta tegu hukatika, kichwa hubaki ndani, na baada ya miezi mitatu yuko pale pale alipoanza. Sikuweza kuingia mimi, dada yake. Nikapiga kelele: "Shibeshi!" maana nilikuwa nimeshamwona tangu asubuhi amejificha nyuma ya ukuta, mahali ambapo mposaji hapaswi kabisa kuwa. Akaruka ukuta. Tiruwork akawa ameshaweka ndoo ya maji ya vuguvugu mkononi mwake kabla hajatua vizuri.

"Usivute, baba!" alisema akiingia. "Kaa kwenye maji haya ya vuguvugu. Atashuka mwenyewe."

"Usiniite baba!"

"Sawa, baba. Pumua."

Wazee watatu wakageuka kwa adabu wakatazama ng'ombe. Mimi na Tiruwork tulishikana mikono, na nitasema ukweli, tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma, huku tunaogopa.

Ilichukua muda mrefu. Hatimaye Shibeshi akatoka na beseni, amekunja mikono ya shati, akaketi juani na kioo chake cha kukuzia akawa anatafuta. Hata Alaka alisogea. "Hiki hapa," kijana akasema. "Kichwa. Ametoka mzima." Kilikuwa kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Tegu mwenyewe alipolazwa kwenye ubao alifika mita saba, na yule mzee kiziwi akampima tena kwa mkono wake wa kuume, kwa sababu hakuziamini mita.

Kaka alitoka akiegemea ukuta, uso umekuwa wa majivu. Nikamfunika gabi, tukamkalisha kwenye kigogo pembeni, mbali kidogo na wazee. Shibeshi akachuchumaa mbele yake.

"Baba, hakuna koso iliyomgusa tegu huyu kwa miaka mingi. Ile unayokunywa ni ya lini?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimcheke tena. Kaka akaniwahi.

"Ya mama yake Tiruwork," alisema. "Ndiyo ya mwisho aliyoichuma. Tahsas ile, kabla hajaugua. Aliianika mwenyewe."

Nikaketi chini kando yake.

"Nilijua imekufa, Askale. Unanifanya mjinga? Nilijua tangu mwaka wa pili. Lakini uchungu wake ulikuwa ule ule. Nikinywa, ni kama amenipa yeye, ananifokea nisiiteme." Akafuta pua kwa pindo la gabi. "Kimebaki kijiko kimoja, ndiyo maana jana nilikukataza kukigusa. Nacho kikiisha, na Tiruwork akienda Gore, nimebaki na nini?"

"Umebaki na mimi," nikasema.

"Ndiyo. Nimebaki na wewe," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesomewa hukumu, na hata Shibeshi alishindwa kujizuia.

Miaka tisa nilikuwa nimelicheka kopo lile, nikalisimulia kisimani watu wakafa kwa kicheko. Niliona aibu ambayo sijawahi kumweleza mtu. Tiruwork alikuwa amesimama nyuma yetu na alikuwa amesikia kila neno. Hakusema kwamba haendi. Niliogopa asije akalisema neno hilo, kwa sababu angelitimiza. Alikuja tu akapiga magoti, akamvisha baba yake viatu alivyovipoteza njiani, kimoja kimoja, akakaza kamba.

Ketsela akakiangalia kichwa cha binti kilichoinama. Kisha akasimama, akaenda mpaka katikati ya ua. Ilikuwa karibu adhuhuri, na wazee walikuwa wamesimama tangu asubuhi, midomo imekauka kwa upepo. Alaka akavua kofia kwa mara ya nne, akaanza, na safari hii kaka alimwacha amalize: jina la kijana, la baba yake, la babu zake saba, na ombi lenyewe lote, neno kwa neno, ombi zuri ambalo hakuliandika yeye.

"Kaeni," akasema.

Waliketi, magoti yakalia. Mimi nilipiga vigelegele mpaka nikakohoa. Tiruwork alileta maji ya kunawa mikono, machozi yanamwanguka ndani ya maji hayo, na hakuna aliyemwambia afute. Nikaandaa. Kaka alimega injera, akala nusu yake, akaisukuma sahani, akaitazama kwa mshangao kwa sababu alikuwa ameshiba.

"Basi arusi ni baada ya Fasika," Alaka akasema akitafuna. "Usiwe na huzuni, Ketsela. Bado muda upo mwingi."

"Jumapili tisa," kaka akasema. "Nimeshazihesabu."